Saa ya urithi: Jinsi ya kumpata fundi mwaminifu Eldoret

MZEE anapofariki, aghalabu familia huketi kujadili shamba, mifugo na akaunti ya benki. Saa yake ya mkono haitajwi. Husalia kwenye droo, imefungwa kwa leso, hadi siku mtoto au mjukuu atakapoitoa, aitikise kidogo na kuona akrabu ya sekunde ikipiga hatua chache kisha kusimama tena.

Hapo ndipo huzuka swali: apelekewe nani?

Katika Eldoret, swali hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mji huu, ambao wazee wangali wanauita Sisibo kutokana na shamba nambari 64 ulikoanzia, ulifikiwa na reli mnamo 1924 na ukapandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Katika kipindi hicho cha miaka mia moja umekuwa makao ya wakulima wakubwa wa ngano na mahindi, wafanyakazi wa reli, wahadhiri na maafisa wa serikali. Fauka ya hayo, ni kitovu cha wanariadha ambao kazi yao imewapeleka hadi Zurich, Berlin na Doha. Haishangazi kwamba katika nyumba zisizo na dalili yoyote ya anasa, mna saa ya Omega, Longines au Rolex iliyonunuliwa au kutolewa kama zawadi zama ambapo bei yake haikuwa ya kutisha kama ilivyo leo.

Ukipita kando ya barabara ya Uganda na vichochoro vinavyoungana nayo, utamwona fundi wa saa ameketi nyuma ya kijisanduku cha kioo, lenzi jichoni, mbele yake betri, mikanda na vioo vya ziada. Wengi wa mafundi hawa ni stadi katika kazi yao, na ni kosa kuwadharau. Hata hivyo, kubadilisha betri ni kazi moja, na kuifumua saa ya makanika iliyotengenezwa miaka 50 au 60 iliyopita ni kazi nyingine kabisa.

Saa ya makanika haina betri. Nguvu yake hutoka kwenye kamani, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kijipipa, ambao hujikaza mtu anapoitia saa ufunguo na kujilegeza polepole. Nguvu hiyo hupitia msururu wa magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huyumba huku na huko likisaidiwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Saa nyingi za kale hupiga mipigo 18,000 kwa saa moja, yaani mitano kila sekunde. Kwa siku ni mipigo 432,000. Saa za karibuni zaidi hupiga 28,800 kwa saa.

Ekseli za magurudumu hayo huzunguka ndani ya vijiwe vya rubi vilivyotiwa mafuta kiasi kidogo mno, pengine tone lisiloonekana kwa macho matupu. Mafuta hayo hukauka au kugeuka gundi baada ya miaka kadhaa, hata kama saa haivaliwi. Ndiyo sababu watengenezaji hupendekeza ifumuliwe, isafishwe na kutiwa mafuta upya kila baada ya muda. Omega hutaja miaka mitano hadi minane, na Rolex takriban miaka 10.

Saa iliyolala droo kwa miaka 20 ikiamshwa ghafla na kuvaliwa kila siku, chuma husagana na chuma. Kwa hivyo hatua ya kwanza haigharimu chochote: mrithi aache kuitia ufunguo mara kwa mara ili tu kuwaonyesha jamaa kwamba ingali inatembea.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Rangi iliyowezesha nambari na akrabu za saa za zamani kung'aa gizani ilikuwa na madini ya radiamu, yenye mnururisho, hadi miaka ya 1960. Saa iliyofungwa vizuri haina hatari kubwa kwa mvaaji. Hatari hutokea kifuniko kinapofunguliwa na mtu akaikwangua rangi hiyo iliyokauka, vumbi likapaa na kuvutwa puani. Fundi anayejua kazi yake huulizia umri wa saa kabla ya kugusa uso wake. Asiyejua hupuliza kwa mdomo.

Mbona mafundi wa aina hii wamekuwa adimu? Chanzo kiko mbali na Eldoret. Mnamo Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na kijiwe cha kwatzi na betri. Katika miaka iliyofuata, saa za bei nafuu zilifurika duniani, na sekta ya saa nchini Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi takriban 90,000 mnamo 1970, ikabaki na takriban theluthi moja tu kufikia katikati ya miaka ya 1980. Kisha ikaja simu ya mkononi, na vijana wengi wakaacha kuvaa saa.

Ufundi huu hurithishwa kwa kuketi kando ya mwalimu kwa miaka. Kazi ilipopungua, wanafunzi nao wakapungua. Mzee aliyeweza kuchonga ekseli iliyovunjika akastaafu, na kijana aliyechukua kibanda chake akawa na riziki ya betri na mikanda.

Kuna pia suala la vipuri. Watengenezaji wakubwa wa Uswisi wamekuwa wakibana uuzaji wa vipuri ili saa zirudishwe kwao au kwa mafundi waliowaidhinisha. Kundi la Swatch, linalomiliki Omega, Longines na Tissot, liliacha kuwauzia wauzaji wa jumla walio huru mwishoni mwa 2015. Fundi huru, awe wa Eldoret au wa London, hulazimika kutafuta vipuri vya zamani vilivyosalia katika maduka, kung'oa kutoka kwa saa zilizokufa, au kutumia vya kuiga. Njia mbili za kwanza hazina ubaya, mradi amwambie mteja. Ya tatu ndiyo hulipunja familia pasipo wao kujua.

Na kupunjwa huku hakuwapati wanyonge peke yao. Novemba 2021, saa ya Omega Speedmaster iliyosemekana kuwa ya 1957 iliuzwa katika mnada jijini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Mnamo 2023, Omega yenyewe ilitangaza kuwa saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Aliyeinunua alikuwa ni Omega, kwa ajili ya makavazi yake. Ikiwa mtengenezaji anaweza kuuziwa kiraka cha saa yake mwenyewe, mjukuu aliyeachia saa kibandani kwa wiki mbili bila stakabadhi ana kinga gani?

SAA NI YA NANI?

Kabla ya kumtafuta fundi, kuna jambo ambalo familia nyingi huliruka. Kifungua mimba huichukua saa ya babake kana kwamba ni haki yake ya kuzaliwa. Sheria haisemi hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, mtu akifariki bila wasia na kuacha mke au mume pamoja na watoto, vitu vya binafsi na vya nyumbani humwendea mwenzi aliyesalia moja kwa moja. Sheria hiyo inapofafanua vitu hivyo hutaja mavazi na vitu vya matumizi na mapambo ya mtu binafsi. (Waislamu huongozwa na sheria ya dini yao katika mirathi.)

Saa ya mkono ni pambo la mtu binafsi. Mama akiwa hai basi, na wasia haupo, saa ni yake, na kijana anayeipeleka kwa fundi anapeleka mali ya mamake. Aidha, sheria hiyohiyo inaharamisha kuingilia mali ya marehemu bila idhini. Hakuna anayetarajia ndugu kushtakiana kwa sababu ya kamani iliyokatika. Lakini saa ikipotea mikononi mwa fundi, au ikabainika kuwa na thamani ya laki kadhaa, maneno huwa mengi. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na mama na ndugu, ikieleza nani ameipokea na kwa nini, huokoa mengi.

Sambamba na hilo, ni busara kujua kilichomo kabla ya mtu mwingine kukiona. Katika saa za Rolex, nambari ya utambulisho huchorwa kwenye chuma, kati ya pembe zinazoshikilia mkanda upande wa nambari 6. Huonekana mkanda ukitolewa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ilianza kuwekwa kwenye duara la ndani chini ya kioo. Kwa Omega nyingi za zamani, nambari huwa imechongwa kwenye mtambo wenyewe, hivyo haionekani mpaka kifuniko cha nyuma kifunguliwe.

Ifunguliwe wapi? Mbele ya mwenyewe. Mteja asione haya kusimama pale, simu mkononi, na kupiga picha mtambo, uso, akrabu na sehemu ya ndani ya kifuniko. Fundi mwaminifu hufurahia jambo hili kwa kuwa linamkinga yeye pia; atakuonyesha kutu iliyokuwapo na skrubu iliyochubuliwa na mwenzake miaka iliyopita. Ndani ya kifuniko mara nyingi hupatikana alama ndogo zilizokwaruzwa kwa sindano: herufi, tarehe, nambari za siri. Hizo ni sahihi za mafundi waliotangulia, desturi ya kale ya kazi hii. Familia iliyodhani saa ya mzee haikuwahi kuguswa inaweza kukuta alama nne za namna hiyo.

DALILI ZA FUNDI

Ishara ya kwanza ya fundi wa kuaminiwa ni maswali anayouliza. Saa hii ilisimama lini? Imewahi kuingia maji? Inatumiwa au itawekwa kama kumbukumbu? Mnataka ing'arishwe? Swali hilo la mwisho ni muhimu kupita kiasi. Watu wengi hudhani saa inayorudi iking'aa kama mpya imetengenezwa vyema. Kumbe kusugua ganda la saa hupunguza chuma na kulainisha kingo alizochonga mtengenezaji, na kuupaka uso wake rangi upya huweza kushusha thamani yake vibaya sana. Mikwaruzo ya mzee ni sehemu ya historia yake. Fundi anayekimbilia kusugua bila kuulizwa, hata kwa nia njema, hafai kukabidhiwa saa ya aina hii.

Ishara ya pili ni vifaa. Kifuniko chenye meno pembezoni hufunguliwa kwa ufunguo maalumu unaoshika meno hayo. Anayetumia kisu au ncha ya mkasi ataacha chale. Benchi lisilo na vumbi ni muhimu kuliko duka lenye vioo vya kumetameta. Fundi wa saa za makanika huwa pia na kifaa kinachosikiliza mipigo ya saa na kuonyesha kwenye skrini inakimbia au kuchelewa kwa sekunde ngapi kwa siku. Shirika la Uswisi linalopima saa za viwango vya juu huruhusu mtambo kuchelewa kwa wastani wa sekunde nne au kutangulia kwa sekunde sita kwa siku. Saa ya babu si lazima ifikie hapo, lakini mteja ana haki ya kuonyeshwa vipimo kabla na baada ya kazi.

(Katika nchi ya wakimbiaji, suala hili la sekunde linaeleweka upesi. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mnamo Oktoba 2023, aliipita rekodi ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34 tu.)

Kipo kipimo kimoja cha uaminifu ambacho mteja anaweza kukitumia kimyakimya. Saa iliyokuwa ikitembea vyema ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshikwa na sumaku: ya spika, ya kifuniko cha simu, ya mkoba. Mizunguko ya kamani nyembamba hugandana, na saa huharakisha. Tiba yake ni kifaa kidogo cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika chache. Fundi mwaminifu hujaribu hilo kwanza. Mwingine hutangaza kuwa mtambo mzima umekufa.

Njia nyingine ni kumjaribu kwa kazi ndogo. Wapo wanaompa fundi Seiko ya kawaida ya makanika, ambayo ingali imejaa mikononi mwa Wakenya wengi, aisafishe kwanza. Mteja huangalia kama amepewa stakabadhi, kama ahadi ya Ijumaa ilitimizwa Ijumaa, kama kuna alama za vidole chini ya kioo. Na hakuna jibu linalomjengea fundi heshima kuliko hili: kazi hii siiwezi, mpeleke kwa fulani.

Atakapokubali kazi, yaandikwe haya: jina na nambari ya saa, hali yake, kitakachofanywa, makadirio ya gharama, tarehe ya kuichukua, na kwamba kila kipuri kitakachotolewa kitarudishwa kwa mwenyewe. Sharti la mwisho huwakera baadhi ya mafundi, lakini si ukorofi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa na habari anazohitaji ili kufaidika nayo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 nayo ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Ingawa waandishi wake bila shaka walikuwa na gereji akilini, hakuna kinachomzuia mteja wa saa kudai makadirio na kurudishiwa vipuri kama mwenye gari anavyodai.

IKIBIDI ISAFIRI

Huenda utafutaji ukaishia kwa jibu kwamba saa haina budi kutoka Eldoret. Watengenezaji wakubwa huorodhesha kwenye tovuti zao vituo walivyoviidhinisha katika kila nchi, na hapo ndipo pa kuthibitisha dai la duka lolote la Nairobi linalojiita wakala. Baadhi ya kampuni, Patek Philippe ikiwa mojawapo, hutangaza kuwa hukarabati saa yoyote zilizowahi kuitengeneza. Ya Patek ilianza 1839. Gharama ni kubwa, kuanzia makumi ya maelfu ya shilingi hadi zaidi ya laki moja, na familia haina budi kuamua iwapo saa inastahili. Isitoshe, viwanda huwa na mazoea ya kubadilisha akrabu na nyuso zilizochakaa. Asiyetaka hilo atamke mapema, kwa maandishi.

Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni takriban kilomita 310. Kuitia saa ndani ya bahasha na kuikabidhi matatu kama mzigo wa kawaida ni kuialika hasara, kwani risiti ya mzigo usiotajwa thamani haisaidii kitu ukipotea. Njia salama kabisa ni kuivaa mkononi na kusafiri nayo.

Ikienda ng'ambo, mambo mawili huzingatiwa. Kwanza, kampuni za kusafirisha vifurushi huwa na viwango vya juu vya fidia, na baadhi hazikubali vito na saa za thamani. Masharti yasomwe kabla ya kulipa. Pili, saa inaporudi, maafisa wa forodha wanaweza kuitoza ushuru kana kwamba imenunuliwa upya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina utaratibu wa bidhaa zinazotoka kwa muda ili kukarabatiwa, lakini ni sharti itangazwe inapoondoka, pamoja na nambari yake. Hapo ndipo zile picha za mwanzo hupata kazi ya pili.

Vipi mambo yakienda mrama? Mzozo wa fedha usiozidi Sh1 milioni unaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi nchini mnamo 2021 na ambayo sheria yake inataka kesi ziamuliwe ndani ya siku 60. Si lazima kuajiri wakili. Stakabadhi, picha na makadirio ndivyo ushahidi. Asiye navyo atabaki na neno lake dhidi ya neno la fundi.

Upande wa fundi nao una malalamiko, tena ya haki. Mafundi wengi wana droo zilizojaa saa ambazo wenyewe hawakurudi, kwa kukosa pesa, kwa kuhama au kwa kufariki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, humruhusu aliyepokea kitu kwa ukarabati kukiuza ikiwa mwenyewe hakulipa na kukichukua, baada ya kutoa notisi zinazotakikana. Anayeiacha saa ya babake kibandani mwaka mzima kwa kuwa Sh5,000 hazijapatikana anapaswa kulifahamu hilo, na angalau ampigie fundi simu.

Siku ya kuichukua, kifuniko kifunguliwe tena na nambari ya mtambo ilinganishwe na picha. Kisha saa ivaliwe kwa wiki mbili, ikilinganishwa kila asubuhi na saa ya simu, na tofauti iandikwe. Ikichelewa sawasawa kila siku, marekebisho ni madogo. Ikikimbia leo na kuchelewa kesho, irudishwe mara moja, dhamana ikingali hai.